Mwili Baada ya Kuacha Ngano: Mabadiliko Yanathibitisha Nini?

Mikelenge ni mojawapo ya komini tatu za Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema. Nyingine ni Kasuku na Alunguli. Kama ilivyo katika mji mzima, asubuhi watu hunywa chai kwa mkate au maandazi, na mchana sahani hubeba wali au bugali wa muhogo, sombe lililoungwa kwa mawese, maharage au samaki wa Lualaba. Katika orodha hiyo yote, gluteni imo katika ngano ya asubuhi peke yake.

Hata hivyo, mabishano juu ya gluteni yanafika hapo. Yanasafiri kwa simu, kwa ndugu walioko Ubelgiji na Ufaransa ambao daktari amewakataza mkate, na kwa video zinazoahidi tumbo jepesi ndani ya wiki moja. Mmoja husema ameacha mkate na tumbo limetulia, kwa hiyo ana ugonjwa. Mwingine ameuacha, akaongezeka kilo na kufunga choo, naye anaamini kwamba kuacha huko kumemdhuru. Wa tatu anashikilia kuwa hayo ni maradhi ya Wazungu, Mwafrika hayamhusu.

Wote watatu wanazungumzia jambo moja bila kulitenganisha: mwili hubadilika vipi ukiacha gluteni, kwa muda gani, na mabadiliko hayo yana uzito gani kama ushahidi.

Ugonjwa wenyewe

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayoufanya unga uvutike ukikandwa na mkate uumuke. Watu wengi huila maisha yao yote bila tatizo. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, kinga ya mwili huiona gluteni kuwa adui, na katika kupambana nayo huushambulia utumbo mwembamba.

Ukuta wa ndani wa utumbo huo umejaa vijidole vidogo mno ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Vikishambuliwa hufupika, na mwisho hulala kabisa. Mgonjwa anakula, lakini chuma, kalsiamu, asidi ya foliki na mafuta vinampita. Baadhi huharisha, hujaa tumbo na kukonda, mtoto hudumaa. Wengine hawana shida yoyote ya tumbo: dalili yao ni upungufu wa damu usiosikia vidonge, mifupa inayovunjika kirahisi, mimba zinazoharibika, au upele unaowasha sana viwikoni na magotini.

Mambo mawili lazima yakutane. La kwanza ni urithi: karibu wagonjwa wote wana alama za kinga ziitwazo HLA-DQ2 au HLA-DQ8. La pili ni kula gluteni. Hata yakikutana, wengi wenye urithi huo hawaugui kamwe. Duniani, kwa makadirio ya jumla, ugonjwa huu unampata mtu mmoja hivi katika kila mia. Hauambukizi, wala si mzio wa kawaida. Dawa ya kuuondoa haijapatikana. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Ndizi, njaa na ngano: jinsi chanzo kilivyojulikana

Historia ya ugonjwa huu ni onyo kwa kila anayeamua haraka kwa kutazama nafuu. Daktari Mwingereza Samuel Gee aliueleza vizuri katika mhadhara wa mwaka 1887 mjini London. Alitambua kwamba tiba, kama ipo, itatoka kwenye chakula, lakini hakujua ni chakula kipi cha kuondoa.

Mwaka 1924 Sidney Haas, daktari wa watoto mjini New York, alitangaza mlo wa ndizi. Watoto waliokuwa wakififia walinenepa na kurudi kucheza, na kwa miaka mingi ndizi zilisifiwa kama dawa. Nafuu ile ilikuwa ya kweli. Maelezo yake ndiyo yaliyokosea. Mlo wa Haas ulikataza pia mkate na nafaka, na kilichowaponya watoto kilikuwa kukosekana kwa ngano. Waliodhaniwa kupona na kurudishiwa mkate waliumia tena.

Aliyefumbua fumbo hilo ni Mholanzi Willem Dicke, daktari wa watoto mjini The Hague. Alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930. Majira ya baridi ya 1944 na 1945, vita vilipoikatia Uholanzi chakula na mkate ukaadimika, watoto wenye siliaki waliendelea vizuri wakati wenzao wakidhoofika kwa njaa. Mkate uliporudi, na maradhi yakarudi. Dicke hakuishia kwenye tukio hilo. Pamoja na wenzake alipima mafuta yanayopotea kwenye choo mgonjwa anapokula ngano na anapoiacha, na mwaka 1950 akawasilisha matokeo yake katika tasnifu ya udaktari. Haas na Dicke waliona nafuu ileile; aliyepima ndiye aliyefika kwenye chanzo.

Kila kiungo kina kalenda yake

Mkanganyiko mwingi unatokana na kudhani kwamba mwili hupona kwa pamoja. Ukweli ni kwamba sehemu zake hupishana kwa miezi, na nyingine kwa miaka.

Tumbo hutangulia. Kwa wagonjwa wengi, kuharisha na kujaa gesi hupungua ndani ya siku au wiki chache. Maziwa yanaweza kuendelea kusumbua, kwa kuwa kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hukaa kwenye ncha za vijidole vilivyoharibika. Utumbo ukipona, mara nyingi uwezo huo hurudi.

Uzito na damu hufuata. Chuma kikianza kufyonzwa, damu hujijenga upya kwa miezi, mara nyingi kati ya 6 na 12, na uchovu huondoka nayo. Mtoto aliyedumaa huanza kurefuka, na kasi huwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza. Kadiri mlo usio na gluteni unavyoanza mapema, ndivyo kimo kilichopotea kinavyofidiwa. Mifupa hupata kalsiamu tena, ila mtu mzima aliyechelewa kugundulika huenda asiurudishe uimara wote.

Kingamwili katika damu hushuka polepole, pengine kwa nusu mwaka hadi miaka miwili. Upele wa siliaki nao ni mkaidi: huchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya miaka miwili, na madaktari huutuliza kwa dawa ya dapsoni mgonjwa akisubiri mlo ufanye kazi.

Utumbo wenyewe huja mwisho. Kwa watoto vijidole huota tena vizuri. Kwa watu wazima safari ni ndefu: utafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa baada ya miaka miwili ya mlo, wagonjwa 34 tu kati ya 100 walikuwa na utumbo uliothibitika kupona, baada ya miaka mitano walifika 66. Basi mtu anaweza kujisikia mzima ilhali ndani bado kuna kidonda. Akirudia maandazi kwa sababu tumbo limenyamaza, anaurudisha mwili nyuma bila kujua.

Yapo pia mabadiliko yasiyofurahisha. Choo kinaweza kuwa kigumu, hasa pale mkate unapobadilishwa kwa wali mweupe peke yake, wenye nyuzinyuzi kidogo. Uzito unaweza kupita kiasi, kwa sababu utumbo uliopona unafyonza kila kitu huku mlaji akiendelea kula kwa wingi aliouzoea. Wagonjwa wengi husimulia pia kwamba, baada ya miezi bila gluteni, kosa dogo huwaletea kutapika au maumivu makali kuliko zamani. Na kwa aliyekonda kupindukia, kulishwa haraka ni hatari: madini ya damu, kama fosfeti na potasiamu, yanaweza kuanguka ghafla. Huyo alishwe hospitalini, hatua kwa hatua.

Msimamo wa kwanza: "si ugonjwa wetu"

Juu ya la kufanya, watu wana misimamo mitatu. Nguvu ya huu wa kwanza ni kwamba unaheshimu hali halisi. Katika Kindu, mtu anayeharisha muda mrefu ana sababu nyingi za kushukiwa kabla ya siliaki: amiba, jiardia, minyoo. Asiye na damu ya kutosha huenda ana malaria ya kujirudia, safura au selimundu. Mtoto aliyevimba miguu na kupauka nywele huenda ana kwashakoo, ugonjwa wa lishe duni. Muuguzi anayeanza na hayo anafuata njia sahihi.

Udhaifu wake ni kugeuza ukimya kuwa ushahidi. Mahali ambapo kipimo hakifanywi, ugonjwa hauandikwi. Mfano mkubwa barani Afrika ni Wasaharawi wa Sahara Magharibi. Mwaka 1999 jarida la The Lancet lilichapisha uchunguzi wa karibu watoto 1,000 wa jamii hiyo: asilimia 5.6 walikuwa na ugonjwa huu, kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya. Watu waliozoea maziwa ya ngamia na tende waliingia katika karne ya mkate wa ngano, kisha katika kambi za wakimbizi karibu na Tindouf nchini Algeria wakategemea unga wa msaada. Urithi wa Wasaharawi si urithi wa watu wa Maniema, na takwimu yao haiwezi kuhamishiwa Kindu. Inachothibitisha ni kwamba rangi ya ngozi haimkingi mtu, na kwamba mlo ukibadilika, ugonjwa uliokuwa umelala unaweza kuamka.

Hoja hiyo ina uzito zaidi kwa Wakongo walioko Ulaya, ambako ngano huliwa asubuhi, mchana na jioni. Wakiugua huko, ndugu zao wa damu waliobaki Mikelenge wana uwezekano mkubwa kuliko jirani wa kuwa na urithi uleule.

Msimamo wa pili: "jaribu kuacha, mwili utakuambia"

Huu unavutia kwa kuwa hauhitaji tiketi ya ndege wala maabara. Anayeacha mkate leo anaweza kuona tofauti kesho kutwa, na nafuu anayoisikia haipaswi kudharauliwa.

Lakini nafuu hiyo ina vyanzo vingi. Ngano ina pia fruktani, aina ya wanga ambayo utumbo wa binadamu hausagi. Bakteria huichachua na kutoa gesi. Mwaka 2018 watafiti wa Oslo, Norway, walitoa matokeo ya jaribio la watu 59 wasio na siliaki walioamini kwamba gluteni inawadhuru. Kila mmoja alipewa kwa zamu vitafunio vyenye gluteni, vyenye fruktani na visivyo na chochote kati ya hivyo, bila kujua alichokula. Fruktani ndiyo iliyowasumbua zaidi. Gluteni haikutofautiana na kile kitafunio kitupu. Tena, anayeacha maandazi anaacha pia mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi na sukari. Na ikiwa wiki hiyohiyo amemeza dawa ya amiba, nani atasema kilichomponya ni kipi?

Hasara kubwa zaidi huja baadaye. Vipimo vya siliaki huaminika pale tu mtu anapokuwa bado anakula gluteni. Akiacha kwa miezi, kingamwili hushuka, utumbo huanza kupona, na kipimo kinaweza kumwambia mgonjwa halisi kwamba hana kitu. Ili kupata jibu itambidi arudie mkate kwa wiki kadhaa na kuteseka upya. Kwa watoto wadogo wa chini ya miaka mitano, na kwa vijana walio katika kurefuka kwa balehe, madaktari hukwepa kuwarudishia gluteni kwa ajili ya kipimo. Hivyo jaribio lililoonekana la bure linaweza kuifunga njia ya kujua ukweli, na mtu akabaki na katazo la maisha ambalo huenda halimhusu.

Msimamo wa tatu: "pima kwanza, kisha acha"

Huu ndio msimamo wa tiba ya kisasa. Damu hupimwa kingamwili dhidi ya transiglutaminasi, kimeng'enya kilichotambuliwa mwaka 1997 kuwa shabaha ya kinga katika ugonjwa huu. Kwa watu wazima, kwa kawaida huthibitishwa kwa endoskopi: mpira mwembamba wenye kamera hushushwa kinywani na vipande vidogo vya utumbo kuchukuliwa. Kwa watoto wenye kingamwili kupita mara kumi ya kiwango cha kawaida, miongozo ya Ulaya huruhusu utambuzi bila endoskopi, mradi damu ya pili ithibitishe.

Faida yake ni uhakika. Mgonjwa anajua kwamba katazo ni la maisha, ndugu zake wanajua wapimwe, na daktari ana alama ya kuanzia. Baada ya mwaka, kingamwili ambazo hazijashuka zitamwambia kwamba gluteni bado inaingia mahali fulani, jambo ambalo ndilo sababu ya kawaida ya dalili kuendelea.

Udhaifu wake ni umbali na gharama. Endoskopi ni kazi ya hospitali kubwa, na kutoka Kindu kwenda Kinshasa mgonjwa hulazimika kupanda ndege au kukabili safari ndefu ya mto na nchi kavu. Kipimo cha damu nacho hukosea kwa wale ambao miili yao haitengenezi kingamwili aina ya IgA. Na mtoto anayefifia hawezi kusubiri miezi ili karatasi ikamilike. Hata hivyo gharama hii ina mlango wa kupunguzwa: seramu ikitunzwa kwenye baridi inaweza kusafiri bila mgonjwa. Kuchukua damu kabla ya kubadilisha mlo ni hatua ndogo inayohifadhi ushahidi wote.

Jiko la Kindu: nafuu na mitego yake

Ulaya, mlo bila gluteni ni ghali, kwa kuwa watu hununua mikate na tambi maalumu. Maniema ina bahati nyingine. Mpunga, ulioletwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili katika karne ya 19 na kuenea kutoka Nyangwe na Kasongo, hauna gluteni. Muhogo, mahindi, ndizi, viazi vitamu, karanga, maharage, samaki na mawese, vyote havina. Kongo huagiza karibu ngano yake yote kutoka nje, na unga hufika Kindu kwa mwendo mrefu wa reli, mto au ndege. Kwa mgonjwa wa hapa, kuiacha ngano ni kurudi kwenye vyakula vinavyotoka shambani na mtoni.

Lakini kurudi huko kuna masharti. Muhogo una protini kidogo sana, na anayeongeza bugali kufidia mkate bila kuongeza maharage, karanga au samaki atashiba huku akidhoofika. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha hubaki na sumu ya sianidi. Ndiyo inayohusishwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu, ulioelezwa na daktari Trolli mwaka 1938 kutokana na wagonjwa wa Kwango. Wali mweupe pekee nao hauleti chuma cha kutosha. Sombe, maharage na ndizi husaidia damu na choo kwa pamoja.

Mitego mingine imejificha. Mkate uliochanganywa unga wa muhogo bado una ngano. Viazi au ndizi zilizokaangwa katika mafuta ya maandazi hubeba gluteni. Bia ya kawaida hutengenezwa kwa kimea cha shayiri. Lotoko, pombe kali ya mahindi au muhogo, haina gluteni, ila hilo haliifanyi kuwa salama kwa mwili. Kiasi kidogo tu hudhuru: utafiti wa Kiitalia wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, yaani kipande cha mkate kisichojaza kijiko, zikiliwa kwa miezi mitatu huuharibu utumbo.

Ibada nayo ina nafasi. Kwa Waislamu, ambao ni wengi Maniema, futari ya tende, uji wa mchele na muhogo haina shida. Sambusa na chapati ndizo za kuepuka. Kwa Wakatoliki, Vatikano ilieleza mwaka 2003 na tena 2017 kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Ekaristi, lakini yenye gluteni kidogo inakubalika, na mgonjwa anaweza kukomunika kwa divai peke yake. Mazungumzo mafupi na padri yanatosha.

Mizani

Ukiipima misimamo mitatu, kila mmoja una sehemu yake ya haki. Wa kwanza una haki kuhusu mpangilio: malaria, minyoo, amiba na selimundu vichunguzwe kwanza. Wa pili una haki kuhusu gharama, na kuhusu kuiamini nafuu ya mgonjwa. Wa tatu una haki kuhusu jambo lenye uzito kuliko yote, kwamba nafuu peke yake haitaji chanzo chake. Haas alikuwa na nafuu nyingi mkononi, na bado alizisifu ndizi.

Kwa Mikelenge, basi, njia inayofaa ni ya hatua. Mwenye dalili aendelee kula mkate wake huku magonjwa ya kawaida yakitafutwa na kutibiwa. Kama damu haipandi, mtoto harefuki au kuharisha hakukomi, achukuliwe damu ya kipimo cha siliaki kabla ya kugusa mlo. Mtoto aliye hatarini aanzishiwe mlo mara tu damu imechukuliwa, chini ya uangalizi, na uzito na kimo chake viandikwe kila mwezi. Aliyethibitika asiuache mlo kwa sababu tumbo limetulia. Asubiri damu, mifupa na utumbo, na arudi kupimwa baada ya mwaka.

Wanaosimamia afya katika jimbo wanaombwa kuweka kipimo hiki cha damu ndani ya uwezo wa hospitali za Kindu, hata kama ni kwa kusafirisha sampuli. Chakula cha tiba tayari kipo sokoni. Kinachokosekana ni jibu la kumwambia mgonjwa kama anakihitaji.